Kipande cha gazeti cha harusi ya bibi: nianzie wapi?

SWALI

Maalim, assalamu alaykum. Mimi ni wa Malindi. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Lamu, akaolewa na babu, ambaye alikuwa karani wa serikali huku Malindi. Bibi alipofariki tulikuta ndani ya kasha lake kipande cha gazeti kinachoeleza harusi yake. Hakina jina la gazeti wala tarehe. Kinasema nikaha ilifungwa "usiku wa Ijumaa iliyopita" nyumbani kwa bibi harusi, mtaa wa Mkomani, Lamu, na kwamba wageni wa Maulidi walikuwa wangali mjini. Jina la babu limo, la bibi halimo: ameitwa tu "binti wa marehemu" fulani, na aliyemwoza ni "mjomba wake". Nyuma kuna tangazo la biashara lililokatwa katikati, lenye bei ya Sh. 2/50 na maneno "kwa sababu ya vita". Nataka kuwajua wazazi wa bibi na waliowatangulia. Huyo mjomba hatumjui, na wazee wote wanasema mama yake bibi hakuwa na ndugu wa kiume. Nianzie wapi? Mama naye ananiambia niache, mambo mengine hayafai kufukuliwa.

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Una kitu ambacho wengi wanaokuja kuniuliza hawana. Wengi huja na jina tupu na sifa za ukoo. Wewe una karatasi, na karatasi hiyo imekwambia mengi kuliko unavyodhani.

Anzia nyuma yake, kwenye lile tangazo. Aliyekata gazeti alitaka habari ya harusi, hakujali kilichochapwa upande wa pili, na ndiyo sababu upande huo husema kweli bila kukusudia. Bei imeandikwa kwa shilingi. Kenya ilitumia rupia hadi 1920, ikapita florini kwa muda mfupi, kisha shilingi ikaingia 1921. Kwa hiyo vita vinavyotajwa si vile vya Mjarumani vya 1914 hadi 1918. Muuza duka anayelalamika kuwa bidhaa ni adimu au ghali kwa sababu ya vita, na anahesabu kwa shilingi, yumo kati ya 1939 na 1945. Kuna vita vya Uhabeshi vya 1935 pia, lakini hivyo havikukaza maduka ya pwani kiasi hicho.

Sasa geuza. "Usiku wa Ijumaa iliyopita." Gazeti la mwezi haliandiki hivyo. Mambo Leo, lililotoka Dar es Salaam kuanzia 1923 na kusomwa pwani yote, lilikuwa la kila mwezi. Mwandishi wake wa mjini angetaja tarehe, au angesema "mwezi uliopita". Maneno yako ni ya gazeti la kila wiki. Gazeti la Kiswahili la kila wiki lililochapishwa Kenya miaka hiyo na kusomwa sana ni Baraza, lililoanzishwa Nairobi 1939 na kampuni ya East African Standard. Al-Islah la Mombasa, la Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ni la 1932, kwa hiyo si lenyewe. Likikukosa Baraza, la pili la kutazama ni Mwongozi la Unguja, lililoanza 1942. Watu wa Lamu walikuwa na jamaa Unguja, na habari zao zilivuka bahari kwa jahazi kama walivyovuka wao.

Miaka sita ya gazeti la kila wiki ni matoleo kama 300. Usiogope, hutayasoma yote. Maulidi yatakupunguzia kazi.

Mwezi wa Maulidi ni Mfunguo Sita, na Lamu sherehe za msikiti wa Riyadha huendelea hadi mwisho wa mwezi, wageni wakitoka Unguja, Ngazija, Barawa na kwingineko. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfunguo Sita hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 1940 mwezi huo ulianza karibu na tarehe 9 Aprili. Mwaka 1941 ulianza mwishoni mwa Machi, 1942 karibu na tarehe 19 Machi, 1943 tarehe 8 hivi ya mwezi huohuo, 1944 mwishoni mwa Februari, na 1945 katikati ya Februari. Weka siku moja au mbili za kukosea, maana mwezi huandama kwa macho ya watu, haufuati jedwali. Halafu ongeza wiki tatu nne mbele, kwa kuwa barua kutoka Lamu ilisubiri chombo, ikafika Mombasa, ikapanda gari la moshi, ikalala mezani kwa mhariri. "Ijumaa iliyopita" ni ya siku ile mwandishi aliposhika kalamu. Siku gazeti lilipotoka kiwandani huenda ilikuwa Ijumaa ya tatu.

Kwa hesabu hiyo unabaki na matoleo yasiyofika 50. Ni kazi ya siku chache kwa mtu anayejua anachotafuta. Magazeti ya zamani ya Nairobi ulizia Makavazi ya Kitaifa, kwenye lile jumba lililokuwa la Bank of India, na pia maktaba ya McMillan. Nenda na picha ya pande zote mbili za kipande chako, kisha utafute tangazo la duka kabla ya kutafuta harusi. Tangazo hukamatika kwa jicho haraka, lina herufi kubwa na michoro, na mara nyingi lilirudiwa wiki baada ya wiki, kwa hiyo litakuonyesha kuwa umeshakaribia.

Kipande chenyewe usikigandishe kwa plastiki wala usikibandike selotepu. Kitie katikati ya karatasi nyeupe ndani ya bahasha, mbali na jua.

Usiku wa Ijumaa, bila shaka unajua, ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua. Nakukumbusha kwa sababu ya daftari la kadhi. Mwandishi wa daftari akiweka tarehe ya Kiislamu ataandika ya Ijumaa, kwa kuwa siku imeshaingia magharibi. Akiweka ya Kizungu huenda akaandika Alhamisi. Nimeona watu wakigombana kuwa hizo ni ndoa mbili tofauti, ilhali ni usiku mmoja.

Hapo ndipo tunapoacha gazeti, kwa sababu gazeti ni mlango tu. Habari za harusi katika magazeti ya zama zile zilipelekwa na wanaume, kuhusu wanaume, ili zisomwe na wanaume. Bwana harusi ametajwa kwa jina na kazi yake. Waliohudhuria wametajwa kwa vyeo: liwali, mudiri, kadhi, makarani wenzake. Bibi harusi ni binti wa mtu. Si dharau, ndiyo iliyokuwa heshima ya wakati huo. Jina la mwanamke halikutupwa barazani. Lakini ukitaka kumpata bibi yako kwa jina lake utamtafuta pasipo gazeti. Na tukisema kweli, Lamu harusi nyingi hazikuingia gazetini hata siku moja. Watu walialikwa nyumba kwa nyumba, kwa mdomo. Yako iliingia kwa sababu babu alikuwa karani, na makarani ndio waliokuwa wakisoma gazeti na kuliandikia.

Tangu 1906 kulikuwa na sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu katika himaya hii, na iliendelea kutumika hadi sheria mpya ya ndoa ya 2014. Kwa hiyo ndoa ya bibi, ikiwa imefungwa Lamu baada ya 1939, ilipaswa kuandikwa. Nenda mahakama ya kadhi ya Lamu, usiende ya Malindi. Ndoa huandikwa ilikofungwa, si mke alikohamia. Sema unachotaka kwa ufupi: jina la mume kama lilivyo gazetini, mtaa, na miezi uliyoipata kwa hesabu ya Maulidi. Karani wa mahakama hana muda wa kukupekulia miaka sita, ila akiambiwa "Mfunguo Sita na Mfunguo Saba, kuanzia 1359 hadi 1364" kwa miaka ya Kiislamu, atajua kuwa umejiandaa. Daftari likiwa halipo pale, muulize kama vitabu vya zamani vilihamishiwa Mombasa au Nairobi, na akuandikie hivyo kwenye karatasi. Jibu la maandishi litakufaa kwenye mlango unaofuata.

Usitarajie jina litakuwa kama unavyoliandika wewe. Athmani wa gazeti ni Uthman wa daftari na Othman wa faili ya Mzungu. Omari ni Umar. Shee ni Sheikh, Swaleh ni Salih, Esha ni Aisha. Daftari likiwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mambo yanaongezeka: waandishi wengi walitumia ba mahali pa p, na fa mahali pa v, kwa hiyo mtu wa Pate anaweza kusomeka kama wa Bate. Jina la baba na la babu ndiyo nguzo. Majina matatu yakifuatana kwa mpangilio uleule, tofauti ya herufi isikutishe. Na likilingana jina moja tu, hata herufi kwa herufi, usifurahi bado. Lamu mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo Omari bin Athmani na Athmani bin Omari hupokezana karne nzima katika nyumba moja, na ukikosa tarehe utamwoza mtu kwa binti ya mjukuu wake.

Ukilipata, safu itakayokupa mengi kuliko zote ni ya walii, yaani mwanamume mwenye haki ya kumwoza mwanamke.

Hapa turudi kwa yule mjomba. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu pwani, walii wa mwanamke ni wa upande wa baba: baba mwenyewe, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu zake wa kiume wa baba na mama mmoja, kisha wa baba tu, watoto wao wa kiume, kisha ami zake, yaani ndugu wa kiume wa baba yake, na watoto wao wa kiume. Mjomba wa kweli, ndugu wa mama, hamo kabisa kwenye orodha. Hawezi kumwoza kwa haki yake. Kwa hiyo ama alisimama kama wakala wa walii aliyekuwa mbali, ama mwandishi wa gazeti aliandika mjomba kwa mtu ambaye nyumbani kwenu angeitwa ami. Mimi naegemea hili la pili, kwa sababu wazee wenu wameshakwambia kuwa mama yake bibi hakuwa na ndugu wa kiume, na sioni sababu ya kuwakadhibisha. Daftari litaamua. Likiandika walii kuwa ni ami yake, umepata mambo matatu kwa mpigo: jina la ndugu wa baba, uhakika kuwa baba alikuwa amekufa (na gazeti limesema marehemu), na uhakika karibu kamili kuwa babu mzaa baba naye alikuwa ameshatangulia na kwamba bibi hakuwa na kaka aliyebaleghe aliyekuwapo. Wangekuwepo wangemtangulia ami.

Ukikuta kadhi mwenyewe ndiye aliyekuwa walii, maana yake hapakuwa na mwanamume wa upande wa baba aliyepatikana. Ziko sababu nyingi za hilo: wageni wa mji, mtu aliyesilimu, jamaa walio ng'ambo. Na iko sababu nyingine, ambayo nadhani ndiyo inayomkosesha mama yako usingizi. Nitaifikia.

Kwanza nyumba. Mtu akiniuliza nasaba ya mwanamke wa Lamu, mimi humuuliza nyumba. Kwa watu wa mjini, hasa Mkomani kwenye majumba ya mawe, ilikuwa desturi binti kupewa nyumba au sehemu ya nyumba anapoolewa, na mume kuhamia kwake. Majina ya wanaume yanazagaa kwenye barua, meli na biashara, lakini nyumba inakaa na wanawake, kutoka kwa mama hadi kwa binti, na kila inapobadilisha mkono huacha karatasi. Gazeti lako limesema harusi ilikuwa nyumbani kwa bibi harusi, Mkomani. Nyumba ipi? Hiyo ndiyo nyumba unayoitafuta, na ndiyo nyumba ambayo bibi aliiacha alipomfuata mumewe Malindi. Ilikwenda kwa nani? Kama alikuwa na dada, huenda ilibaki kwa dada. Kama iliuzwa, kuna mauzo. Kama iliwekwa wakfu kwa dhuria, yaani kwa watoto na wajukuu wa mwenyewe, basi una bahati kubwa, maana hati ya wakfu huwataja wanaostahili kizazi baada ya kizazi, na Kamisheni ya Wakfu iliyoko Mombasa ina faili za mali kama hizo.

Karatasi za ardhi za pwani ni tajiri kwa sababu ya sheria ya hatimiliki ya 1908. Kila aliyedai shamba au kiwanja katika ukanda wa pwani alitakiwa kuleta madai yake, na kuleta madai ni kusema umepataje: nilinunua kwa fulani, nilirithi kwa baba yangu fulani bin fulani, ni ya mama yangu na dada zake. Mashahidi wakaitwa. Yale ni maneno ya watu wa kawaida kuhusu wazazi na babu zao, na mengine yanarudi nyuma hadi kabla Mwingereza hajaja. Malindi nako, ambako mashamba mengi yalifunguliwa kuanzia miaka ya 1860 mji ulipohuishwa chini ya Sayyid Majid, sultani wa Unguja, kuna madai ya namna hiyo, kwa hiyo usiache kumtafuta babu mzaa mama upande wa kwenu pia. Faili nyingine za Malindi utazikuta chini ya Kilifi, kwa sababu mipaka ya wilaya ilichezewa mara kwa mara. Ripoti za wakuu wa wilaya ya Lamu ziko Makavazi ya Kitaifa chini ya alama DC/LMU. Hazitakupa nasaba, lakini karani wa serikali anaweza kutokea humo akihamishwa, na uhamisho wa babu utakueleza kwa nini bibi aliondoka mjini kwao.

Baba yake bibi alikufa kabla ya harusi. Mtu mwenye nyumba Mkomani hafi bila mirathi. Uliza faili ya mirathi kwa jina la baba, miaka ya 1930 na mwanzo wa 1940. Ukiipata, usitazame majina tu, tazama sehemu. Faraidhi, yaani mgawo wa mirathi wa Kiislamu, ni nasaba iliyoandikwa kwa hesabu. Mke akipewa thumni, yaani 1/8, marehemu aliacha watoto. Angekuwa hana watoto mke angepata robo. Mabinti wakipewa theluthi mbili, ni wawili au zaidi na hakuna mtoto wa kiume. Akiwa binti mmoja peke yake angepata nusu. Sasa tuseme umekuta mke 3/24, mabinti wawili 16/24, na 5/24 zimekwenda kwa mwanamume ambaye hakuelezwa. Huyo ni asaba wa karibu, yaani jamaa wa kiume anayechukua kinachobaki, na baba wa marehemu akiwa hayupo mara nyingi ni ndugu yake. Ndiye ami yao hao mabinti. Na ikiwa jina lake ni lile lililoandikwa kwenye safu ya walii, kisa cha mjomba wa gazetini kimekwisha. Mama wa marehemu akiwa hai utaona sudusi, 4/24, na yule ndugu atabakiwa na 1/24 tu. Kwa sehemu hizo unajua bibi mzaa baba wa bibi yako alikuwa hai mwaka ule, hata kama hakuna aliyeandika jina lake.

Siwapendi sana wale wanaoanza na mti wa ukoo uliochorwa, wenye matawi hadi Hadharamaut au Umani. Iko miti ya kweli, na masharifu hasa hutunza shajara zao kwa uangalifu. Lakini mti uliochorwa huonyesha mtu alivyotaka kujulikana, na faili ya mirathi huonyesha nani alikuwapo siku mali ilipogawiwa, mbele ya kadhi, huku kila mmoja akimwangalia mwenziwe asidhulumiwe. Vikipingana, mimi huanza na faili.

Mambo ya haraka haraka. Uliza nyumbani kama kuna msahafu wa zamani au kitabu cha maulidi; watu waliandika tarehe za kuzaliwa na kufa kwenye kurasa tupu za mwanzo na mwisho. Miswada ya msikiti wa Riyadha imeshapigwa picha chini ya mradi wa British Library na inatazamwa kwenye intaneti. Ni ya elimu ya dini zaidi, lakini walionakili na waliomiliki vitabu hutajwa, na ukoo wenye wanazuoni unaweza kujiona humo. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya nalo lipo kwenye intaneti tangu enzi za himaya, na hutangaza uteuzi wa makadhi na maliwali, kwa hiyo unaweza kujua nani alikuwa kadhi wa Lamu mwaka ulioupata. Vyeti vya kuzaliwa usivitegemee. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ni ya 1928, lakini kwa wenyeji walio wengi usajili haukuwa wa lazima hadi miaka ya 1960 na kuendelea. Makaburi ya Lamu mengi hayana maandishi. Vipimo vya DNA vya kupeleka ng'ambo vitakwambia mabara, havitakwambia nyumba.

Na wazee waulize, lakini usiwaulize mwaka. Muulize mama mkubwa wako: bibi alikuwa ameshaolewa ndege za Mtaliano zilipoangusha mabomu Malindi? Hiyo ni Oktoba 1940. Akisema bibi alikuwa hapo na alijificha chini ya kitanda, basi harusi ni ya Maulidi ya 1940 na umeshamaliza kutafuta gazeti, toleo ni la Aprili hadi Juni. Akisema alisimuliwa na babu kwa kuwa yeye alikuwa bado kwao Lamu, ruka hadi 1941. Na waulize wanawake kwanza. Wanaume watakutajia baba, baba wa baba, baba wa baba wa baba, na hapo wamemaliza. Wanawake wanajua nani alimnyonyesha nani, nani hakuhudhuria harusi na kwa nini, nani alipiga vugo la harusi, na dhahabu ya bibi ilitoka kwa nani.

Sasa mama yako. Siwezi kujua anaogopa nini, ila katika miji yetu hofu ya namna hiyo mara nyingi ni moja. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii 1907. Mtu aliyeolewa 1940 anaweza kuwa mjukuu wa mtu aliyezaliwa chini ya bwana. Karatasi za wakati ule zina alama zake. Mtu kuandikwa bila jina la baba. Mtu kuitwa huru wa fulani. Na katika ndoa, walii kuwa bwana aliyemwacha huru mwanamke au aliyemwacha huru baba yake, au ukoo wa bwana huyo, kwa sababu sheria inampa mwenye kuacha huru uwalii pale ambapo hakuna jamaa wa damu. Ndiyo maana nilisema safu ya walii ina mengi. Majina kama Mabruki, Feruzi au Baraka watu huyatumia kama ushahidi. Si ushahidi, waungwana nao waliitana hivyo.

Kwa yale uliyonieleza, baba mwenye nyumba Mkomani na ndugu wa kumwoza binti, sioni alama hiyo kwa bibi yako. Inaweza kuwapo kwa mama yake, au kwa mama wa baba yake. Nyumba nyingi kubwa za Lamu zina masuria katika nasaba zao, na mtoto wa suria kwa sheria ni mtoto kamili, hurithi sawa na wenzake. Kwenye faili atatajwa baba peke yake na upande wa mama utakuwa kimya. Mwambie mama yako hivi: utatafuta, utakachokipata utamletea yeye kwanza, na yeye ndiye atakayesema nani mwingine ajue. Usikiweke mtandaoni kwa sababu kimekufurahisha. Na kama hutaki ajue mtu, basi usimwombe binamu yako akusomee Kiarabu cha daftari. Mtafute msomaji asiye wa ukoo.

Mpangilio wa safari uwe hivi: Nairobi kwanza kwa gazeti, kwa sababu bila tarehe Lamu utapoteza siku zako. Kisha Lamu kwa kadhi na kwa nyumba, kisha Mombasa kwa wakfu na hati za ardhi. Unguja, Nyaraka za Taifa za Kilimani, iache hadi faili ikutume huko.

Siku daftari la ndoa litakapofunguliwa mbele yako, usinakili mstari wa bibi peke yake. Nakili ukurasa mzima, na uliotangulia na unaofuata, ukiruhusiwa piga picha. Dada wawili waliweza kuozwa usiku mmoja na walii mmoja ili nyumba ipambwe mara moja, na mashahidi wa ndoa ya bibi wanaweza kuwa waume wa mistari ya jirani. Yule dada aliyebaki na nyumba ya Mkomani, kama alikuwapo, huenda ameandikwa chini yake tu.